Mlango wa Msiba Haufungwi

Nyie mliopiga vigelegele Mwatumu alipokabidhiwa funguo za apatimenti yake, vimezeni kwanza. Mlishangilia mapema.

Kwa aliyechelewa kufika, nitamrudisha nyuma kidogo, lakini simngoji sana. Mwatumu ni binti wa Pangani, ana mume anaitwa Majaliwa na mtoto wa kike anaitwa Kudra. Walikuwa wanakaa Houston, upande wa Alief, na yeye alikuwa anatunza wazee huko Sugar Land. Majaliwa ni mtu wa maneno matamu mbele za watu. Nyumbani ni mtu mwingine. Siku aliyomvunja mkewe kifundo cha mkono, alimpeleka hospitali mwenyewe, akamshikia pochi, akamwambia daktari mke wangu ameteleza bafuni. Mwatumu akaitikia kwa kichwa.

Mkono ulipoanza kushika, alimchukua mtoto, akapanda basi la Dallas mume akiwa kazini.

Huko ndiko alikojua kwamba Marekani mtu anaweza kuishi miaka mingi na asiwepo. Kila ofisi ya nyumba aliyoingia, kuanzia Arlington mpaka Irving, ilimuuliza swali lile lile: ulikuwa unapanga wapi? Mkataba wa Houston ulikuwa na jina la Majaliwa, umeme jina la Majaliwa, maji jina la Majaliwa. Kwenye kompyuta zao Mwatumu hakuwahi kulala chini ya paa lolote. Walimkataa mpaka akazoea kukataliwa.

Hatimaye ikawa Lewisville, nje kidogo ya Dallas. Meneja mmoja, Miss Donna, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikubali kumpigia simu mwajiri wake mpya badala ya kumtafuta mwenye nyumba wa zamani. Mwatumu akapewa apatimenti ya chumba kimoja ghorofani, funguo mbili, na mkataba wenye jina moja tu. Jina lake.

Anwani ile aliificha. Na hapo hakukosea. Alikosea alipoificha na sababu.

Watanzania wa Lewisville walipomuuliza baba Kudra yuko wapi, alisema yuko Houston kikazi. Walipomuuliza mkono umefanya nini, alisema bafuni pale utelezi. Mama yake, Bi Mwanaidi, alipouliza kwenye simu kila Ijumaa, "Mkwe wangu hajambo?", alijibu, "Hajambo mama, anakusalimu sana." Mama ana presha, alijiambia, habari hizi zitamuua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mtu mwenye aibu hana muda na wahenga.

Basi Bi Mwanaidi akafa na presha yake vilevile, na habari zenyewe hakuzisikia.

Ilikuwa Septemba ya 2018, joto la Texas bado halijaachia. Simu ilimkuta Mwatumu anavaa viatu vya kazini.

"Dada, mama ametutoka," alisema kaka yake. "Tumetoka kumzika sasa hivi. Hatukutaka kukushtua usingizini."

Alivua kile kiatu kimoja alichokuwa ameshavaa, akakiweka chini taratibu kana kwamba kuna mtu amelala. Kisha akakaa sakafuni.

Wa kwanza kufika alikuwa dada Prudensia. Huyu ni mwanamke wa Songea, Mkatoliki wa ekaristi ya kila Jumapili, anafanya kazi na Mwatumu na humpa lifti, ndiyo maana aliijua nyumba. Misiba yote ya Watanzania upande ule iko mikononi mwake, ya Waislamu kwa Wakristo. Prudensia hulia kidogo, kwa dhati kabisa, kisha huuliza sufuria ziko wapi.

Alilia. Akajifuta. "Mdogo wangu, watu wameanza kunipigia. Wanataka kuja kukupa pole. Niwape anwani?"

Mwatumu alikuwa ameegemea ukuta, anautazama mguu wa kiti. "Wape."

"Na mlango je? Utakuwa unainuka kila mtu akigonga?"

"Mlango wa msiba haufungwi, dada." Maneno ya mama yake hayo. Yalimtoka yenyewe.

"Basi nipe ule ufunguo wa akiba, niwe natoka na kuingia na vyombo bila kukusumbua."

Mwatumu alimwonyesha droo ya jikoni. Prudensia akauchukua, akaufunga kwenye pindo la khanga, akakaa kuandika ujumbe kwenye simu. Aliandika vizuri, mwanamke ana mwandiko wa huruma: dada yetu Mwatumu, mke wa ndugu yetu Majaliwa wa Houston, amefiwa na mama mzazi. Chini yake akaweka anwani, jengo, na namba ya mlango.

Mimi huyu mama simlaumu. Kuna siku nitataka kumlaumu, lakini si leo. Mtu ameambiwa mume yuko Houston kikazi. Moyo wake mzuri ukamtuma apeleke ujumbe ule mpaka kwenye makundi ya Houston, ili shemeji asikose usafiri.

Jioni viatu vilijaa ngazi nzima. Wanawake walikaa juu, kwenye zulia, magoti yakigusana. Wanaume walikaa chini, kwenye maegesho, juu ya viti vya kukunja vilivyoazimwa kanisani kwa kina Prudensia. Pilau ililetwa kwenye masinia ya foili. Jirani wa chini, Jeannette, alifungua mlango wake, akasema choo chake ni cha wote.

Jeannette ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, siku hizi anafua mashuka hotelini. Siku Mwatumu alipohamia, alimsaidia kubeba godoro, akauona mkono ulivyofungwa. Hakuuliza umefanya nini. Aliuliza tu, "Anajua hapa?" Mwatumu akasema hapana. "Ni vizuri," alisema Jeannette, wakaendelea kupandisha godoro.

Sasa alipita katikati ya magoti ya watu, akachuchumaa mbele ya mfiwa.

"Dada, pole sana. Lakini watu hawa wote wamejuaje hapa?"

Mwatumu aliinua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa hajaacha kulia, na hapo akaacha.

"Dada Prudensia," aliita. "Ule ujumbe umeuweka kwenye kundi gani?"

"Yote, mdogo wangu. Usiwe na wasiwasi, hakuna atakayekosa kujua."

"Mpaka Houston?"

"Hasa Houston. Shemeji angefikaje?"

Mwatumu alifungua mdomo. Hapo alikuwa anasema, nawaapia, neno lilishafika kwenye ulimi. Ila mlangoni akatokea Miss Donna, miwani kifuani na uso umekunjwa, na wanawake wote wakageuka.

Alikuwa amepigiwa simu na wapangaji wengine: magari yameziba njia, wanaume wamekaa kwenye nafasi za watu, kuna sherehe jengo la tatu. Akapanda ngazi akiruka viatu, tayari kuifunga hiyo sherehe. Alipomwona Mwatumu sakafuni, khanga kichwani, alisimama.

"Nani amefariki?"

"Mama yangu."

Miss Donna akataka kuvua miwani ambayo hakuwa ameivaa, akaishika tu pale kifuani akaiachia. "Wa kwangu alikufa mwaka jana," alisema. "Nisamehe nimeingia na kelele."

Lakini ni mtu wa sheria, na sheria hakuiacha mlangoni. Alieleza kwa upole, na Prudensia akawa anatafsiri kwa sauti ili wote wasikie. Viti vitoke kwenye nafasi za magari ya wengine. Mkaa usiwashwe kibarazani. Mgeni akilala zaidi ya wiki, ama aondoke ama aandikishwe kwenye mkataba. Na ufunguo asipewe mtu ambaye ofisi haimjui, kwa sababu hilo pekee linatosha kuvunja mkataba.

"Haya si ya kwangu," alisema Miss Donna. "Ni ya kampuni. Mimi naagizwa tu."

"Tumeelewa, mama," alijibu Prudensia, na kwa kweli alidhani ameelewa.

Majaliwa alifika kesho yake baada ya adhuhuri.

Alikuja na wenzake kwa gari la rafiki yake kutoka Houston. Alianza kulia kule kule chini, kabla hajafunga mlango wa gari. "Mama Mwanaidi, umeniacha na nani?" Wanaume waliinuka wakamshika mabega. Habari ikapanda ngazi mdomo kwa mdomo, mkwe amefika, mkwe amefika, na wanawake wakakunja miguu kumpisha.

Aliingia na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akapiga magoti mbele ya Mwatumu, akaweka kichwa mapajani mwake, akalia mpaka mabega yakatikisika. Chumba kizima kikalia upya.

Mikono ya Mwatumu ilibaki hewani. Mwanamke mmoja nyuma yake akamnong'oneza, "Mshike mwenzio." Macho yote yalikuwa kwake. Akamshika. Alimshika kichwa kwa mkono uleule.

"Kudra," Prudensia aliita kuelekea chumbani, "njoo umsalimie baba."

"I'm good here," likajibu sauti ya mtoto, na mlango wa chumba ukafungwa polepole.

Watu wakacheka kidogo kwa machozi. Watoto wa Marekani hawa. "Ana aibu," alisema Majaliwa akijifuta uso. "Amenikosa siku nyingi."

Ningetaka kuwauzia hadithi nyepesi, ningesema mtu huyu alilia machozi ya mamba. Hapana. Bi Mwanaidi alimpenda Majaliwa kuliko baadhi ya wanawe wa kuzaa, na yeye alimpenda. Dawa za presha alikuwa anatuma yeye. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtia Mwatumu hofu zaidi, kwa sababu machozi ya kweli nani atayakataa?

Majaliwa alimfuata Mwatumu jikoni alipomwona yuko peke yake kwenye sinki.

"Pole, mama Kudra."

"Pole na wewe."

"Nyumba nzuri." Aligusa mlango wa friji, akafungua kabati, akafunga. "Umeipata mwenyewe?"

"Majaliwa, ukimaliza kula rudi na wenzako uliokuja nao."

"Nirudi wapi? Mimi nimefiwa." Alisema taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Nasikia uliwaambia niko Houston kikazi. Umesema vizuri. Na mimi niliwaambia wa kule kwamba uko Dallas kikazi. Unaona tunavyoelewana hata tusipoongea?"

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure juu ya sahani iliyokwisha kutakata. Mwatumu hakuyafunga.

"Au waambie," aliendelea. "Wako wote pale. Toka uwaambie mkwe wa marehemu hatakiwi msibani. Mama hajamaliza hata siku mbili kaburini. Nenda."

Hakwenda. Jamani, na mimi nisingekwenda. Watu wetu wanasahau mengi: watasahau harusi yako ilikuwa lini, watasahau mwanao anaitwa nani. Lakini mtu aliyemfukuza mfiwa msibani, huyo watamsimulia mpaka kwa wajukuu.

Prudensia akachungulia jikoni. "Mmekaa pamoja, Mungu ni mwema. Shemeji, samahani nawakatisha, barafu imekwisha na wanaume wanakufa na joto. Njoo nikutume."

"Nitume, shemeji. Mimi ndiye mwenyeji hapa."

Wakatoka pamoja. Mwatumu akafunga bomba.

Wageni wa mbali walilala kwa Modestus, mwenyekiti wa umoja wao, naye Majaliwa akiwamo. Mwatumu akajipa moyo: kesho hitima, keshokutwa kila ndege na mti wake. Atavumilia. Amevumilia makubwa kuliko haya.

Hitima ilisomwa, na ilisomwa vizuri. Ustadhi alitoka Irving, ubani ukafukizwa kidogo tu ili king'ora cha moshi kisilie, Wakatoliki wakakaa pembeni kimya wameinamisha vichwa. Watu wakala. Kwa muda mfupi Mwatumu alisahau yote mengine, akamlilia mama yake peke yake, kilio safi, cha mtoto aliyefiwa. Namshukuru Mungu alipata huo muda.

Kisha Mwenyekiti Modestus akapanda ngazi. Huyu anafanya kazi ofisi ya bima huko Plano, na ni mtu ambaye akiona watu zaidi ya watano wamekaa lazima awahutubie. Alivua viatu, akasimama mlangoni.

"Akina mama, poleni kwa kazi. Tunafunga msiba wetu kwa amani. Ninalo jambo moja la faraja. Shemeji yetu Majaliwa ametugusa sisi wanaume. Ameomba ruhusa kazini. Anasema hawezi kumwacha mkewe peke yake na majonzi haya. Atabaki naye hapa hapa mpaka arobaini."

"Alhamdulillahi," walisema Waislamu.

"Amina," walisema Wakristo.

Mwatumu alihesabu bila kutaka. Siku arobaini. Na mgeni akizidi wiki anaandikishwa. Jina la Majaliwa litapanda kwenye mkataba, litakaa pembeni ya lake, na akishaandikwa hakuna ofisi itakayomtoa. Umeme utafuata, maji yatafuata. Yeye atarudi kuwa yule mtu ambaye hakuwahi kulala chini ya paa lolote. Na safari hii hana pa kukimbilia, kwa sababu nguvu ya kukimbia aliimalizia hapa.

Modestus alishuka. Wanawake wakaanza kuinuka, wanakung'uta vitenge, wanamshika bega kila mmoja kwa zamu yake. "Tunakuacha mikononi mwa mwenyewe." "Angalau hutalala peke yako." Wawili walishafika mlangoni, wameinama kutafuta viatu vyao kwenye ngazi.

"Dada Prudensia," alisema Mwatumu. "Waite hao ndani. Kisha ufunge mlango."

"Mlango wa msiba haufungwi, mdogo wangu. Si ulisema mwenyewe?"

"Funga."

Prudensia akamtazama, akawaita, akafunga. Mwatumu akamwashiria na mnyororo. Akauweka na mnyororo.

"Sikuteleza bafuni," alisema Mwatumu.

Hakuna aliyeelewa. Akavuta mkono wa gauni, akawaonyesha kifundo kilichounga kwa kupinda.

"Huu mkono sikuteleza. Ni Majaliwa. Na hayuko Houston kikazi, ni mimi niliyemtoroka. Mama yangu amekufa hajui. Kila Ijumaa nilimdanganya, nampelekea salamu za mtu niliyemkimbia. Nilimficha mama ili asife, na amekufa. Sasa nyinyi msiondoke hamjui."

Chini walisikika wanaume wakikunja viti.

"Mbona hukusema, mwanangu?" aliuliza mama mmoja mtu mzima, Mama Elirehema wa Upare.

"Niliona aibu."

"Lakini na yeye," alisema mwingine kwa sauti ya chini, akikwepa macho ya wenzake, "mambo ya ndani haya, si angesubiri msiba uishe?"

"Msiba ukiisha wewe utakuwa kwako," alisema Jeannette kutoka kona ya jikoni. "Yeye atakuwa naye humu."

Mama Elirehema alikuwa mmoja wa wale wawili wa mlangoni, ana ndala zake mkononi. Alizitazama ndala, akarudi mpaka katikati ya zulia, akaziweka pembeni, akakaa. "Mimi magoti yananiuma," alisema. "Nikishuka ngazi zile leo sipandi tena. Afadhali nikae."

Wa pili akakaa. Kisha aliyesema asubiri msiba uishe naye akakaa, akatengeneza khanga yake. Wakakaa wote, magoti yakigusana kama siku ya kwanza. Mwatumu alihisi kitu kifuani kimelegea, kitu alichokibeba tangu Houston, na akaona kumbe mtu anaweza kulia kwa kupumua tu.

Aliyebaki amesimama ni Prudensia. Mgongo wake ulikuwa mlangoni, uso umempauka.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemleta. Niliandika mpaka namba ya mlango."

"Ungejuaje, dada? Sikukwambia."

"Si namba tu, Mwatumu. Jana, nilipomtuma barafu..."

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa nyuma yake, ukazunguka.

Mlango ulifunguka mpaka mnyororo ukaukamata. Kwenye upenyo ule wakaona kanzu nyeupe, begi begani, na jicho moja la Majaliwa likipita juu ya wanawake waliokaa.

"Mama Kudra," alisema kwa upole. "Toa mnyororo. Usiniaibishe mbele za watu."

Kule chumbani Kudra alisikika akisukuma kitu kizito nyuma ya mlango wake.

"Mwatumu, nasema toa mnyororo."

Ngazini kukasikika viatu vya kike, visigino vigumu, na pumzi ya Mwenyekiti Modestus anayejaribu kumwahi mtu kwa maelezo. Miss Donna alikuwa amerudi kuangalia kama viti vimetoka kwenye maegesho. Alifika juu, akamwona mwanamume asiyemjua, na ufunguo wa kampuni unaning'inia kwenye kitasa.

"Na wewe ni nani?"

"Mume wake," alisema Majaliwa kwa Kiingereza kizuri. "Nakaa hapa."

Miss Donna akasogea kwenye upenyo mpaka akamwona Mwatumu. "Huyu bwana anasema anakaa hapa. Ni kweli?"

Akisema ndiyo, basi ni ndiyo mpaka arobaini na baada ya arobaini. Akisema hapana, mwenyekiti yuko pale pale anasikia, wanaume chini wamenyamaza, na kabla ya jua kuzama Houston nzima itajua Mwatumu alimkana mumewe kwenye hitima ya mama yake. Alimtafuta mama yake akilini, akitaka kujua angesema nini. Hakumpata. Pale palikuwa na yeye tu.

"Hapana," alisema. "Hakai hapa. Na mimi simtaki hapa."

Alisema kwa Kiingereza. Kisha akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika kwenye viti.

Modestus alishika ukingo wa ngazi. Mama Elirehema alisema "Haya" kimya kimya, kama mtu aliyeona mzigo umetuliwa.

Lakini Majaliwa hakukasirika. Nyie hamumjui. Alimgeukia Miss Donna na ule uso wake wa hospitali, uso wa kumshikia mtu pochi.

"Mama, mke wangu amefiwa, hajui anachosema," alisema. Akauchomoa ufunguo taratibu, akauweka kwenye kiganja, akamwonyesha. "Mtu asiyekaa hapa angekuwa na huu?"

Miss Donna akapandisha miwani puani, safari hii kweli, akasoma namba iliyochongwa kwenye ufunguo. Alipomrudia Mwatumu, upole wa yule aliyefiwa na mama mwaka jana ulikuwa umeondoka usoni, umebaki ule uso wa kampuni.

"Nililisema hili siku ya kwanza, mbele yenu wote," alisema. "Huu ni ufunguo wako wa pili. Kama hakai hapa, amepewa na nani?"

Mwatumu aligeuka. Dada Prudensia alikuwa ameshika pindo la khanga yake kwa mikono miwili. Fundo lilikuwa limefunguliwa, na ndani hamkuwa na kitu.